Nataka kumpeleka mzee wangu akatembee Chuo Kikuu Mlimani, naombeni mwongozo

Mjukuu wa Kasulu

Wakuu habari za Jumapili. Niende moja kwa moja, nina baba yangu mkubwa katoka Kasulu kaja hapa Dar kwa matibabu ya macho, ameshafanyiwa na anaona vizuri namshukuru Mungu, sasa amebakiza wiki moja arudi nyumbani. Mzee ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na tangu nikiwa mdogo stori zake ni mbili tu, Nyerere na Mlimani. Kuna jamaa alisoma naye akachaguliwa kwenda Chuo Kikuu miaka ile, akawa anamwandikia barua anamsimulia kilima, miti, tumbili wanachungulia madirishani watu wakiwa kwenye kipindi, mzee zile barua kazisoma mpaka kazikariri ila yeye mwenyewe hajawahi kutia mguu pale. Juzi nikamuuliza baba mkubwa nikupeleke wapi kabla hujaondoka, feri, Kariakoo, Makumbusho? Akaingiza mkono mfukoni akatoa noti ya mia tano, zile za karatasi zenye Karume, akaigeuza nyuma akaniambia nipeleke kwenye hili jengo.

Sasa mimi Dar nina miaka lakini ni mtu wa spea Ilala, Mlimani ninayoijua ni Mlimani City tu. Naomba kujua mtu ambaye sio mwanafunzi wala hana ndugu pale anaruhusiwa kuingia akazunguka? Kuna kiingilio? Alafu mzee ana goti moja bovu na nasikia pale ni kupanda na kushuka, tutafanyaje. Na huo msitu watu wanaousifia ni wa kuingia ukatembea au ni pori la nyoka? Wale tumbili nao vipi, wana shida na wageni? Kula tutakula wapi? Na watoto wangu wawili wameshasikia wanataka kuja.

Nawasilisha.

Yombo Four

Mkuu umenikumbusha mbali sana. Kwanza toa wasiwasi, kuingia unaingia, hakuna tiketi wala nini, mle ndani inapita barabara na daladala zinapita na watu wa Changanyikeni na Msewe wanakatiza kila siku wakienda kwenye mishe zao, kwaiyo ukionekana unatembea na mzee na watoto hakuna atakayekushangaa. Beba tu kitambulisho chako na cha mzee maana walinzi wapo na mlinzi akikuuliza mnaenda wapi mjibu kwa heshima, tumekuja kumuonyesha mzee chuo, basi yameisha. Kinacholeta maswali ni mtu akija na kamera kubwa na mataa na maharusi watano, hapo lazima uulizwe kibali. Simu piga picha utakavyo.

Sasa swala la goti, sikia, kosa ambalo wageni wengi wanafanya wanashuka kule chini barabarani wanaanza kupandisha kwa miguu na jua la saa sita, wakifika juu wamechoka hawana hamu na chochote. Wewe panda bajaji au daladala inayoingia chuo, mwambie konda tunashuka Utawala, pale upo juu tayari. Kutoka hapo Nkrumah haipo mbali kabisa, na ndio hilo jengo la kwenye noti ya mzee wako, lile lenye paa jeupe lililopinda. Kama hakuna shughuli yoyote utakuta limefungwa, msikate tamaa, uzuri wake upo nje, mzee ashike noti yake mkononi, arudi nyuma kidogo mpaka aone linavyofanana, umpige picha. Karibu na hapo mtaona Revolutionary Square, pale ndipo migomo na mikutano mingi ilikuwa inaanzia. Halafu kuanzia hapo mnateremka taratibu, mnateremka sio mnapanda, barabara za mle zina miti pande zote mpaka matawi yanakutana juu, kuna sehemu unatembea hata jua hulioni na kelele za Sam Nujoma huzisikii tena wakati ipo hapo hapo jirani.

Msiende siku za mahafali, huwa mwishoni mwa mwaka, pale hapapitiki magari yamejaa mpaka kwenye majani na wauza maua wamepanga barabara nzima. Jumamosi asubuhi ndio nzuri, wanafunzi wachache, mwisho saa nne mmeshaona vya maana.

Msosi nenda kafeteria za wanafunzi, wali maharage, wali nyama, ugali samaki, bei rafiki tu. Ila uzi huu huu kuna mtu atakuja kukwambia habari za tumbili na msosi, msikilize.

Kichwa Ngumu

Yani mtu atoke Kasulu kwenye misitu yenyewe aje Dar umpeleke kuangalia miti na nyani? Mpeleke Mlimani City apande ngazi za umeme ale aiskrimu, chuo ataona nini, vijana wanatembea na laptopu?

Yombo Four

@Kichwa Ngumu mzee kachagua mwenyewe, wewe inakuuma nini. Na ni tumbili sio nyani.

Mstaafu wa Hall Two

Kijana, hongera kwa kumjali baba yako mkubwa. Mimi niliingia Mlimani 1973 kwa hiyo nitakueleza yale ambayo vijana wa sasa hawatakueleza, na wewe umsimulie mzee mkiwa mnatembea, japo namjua mwalimu wa zamani, mengine atakusahihisha yeye.

Chuo hakikuanzia kilimani. Kilianza Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, pale mtaa wa Lumumba kwenye jengo la TANU, kitivo kimoja tu cha sheria na wanafunzi kumi na kidogo, mwanamke akiwa mmoja peke yake, Julie Manning, ambaye miaka ya baadaye alikuja kuwa waziri wa sheria. Cheti kilikuwa cha Chuo Kikuu cha London. Kilimani walihamia 1964, na kilima chenyewe kwenye ramani za zamani kinaitwa Observation Hill, ukisimama sehemu za juu zilizo wazi unaona mji na bahari, ingawa sasa miti imekua sana na maghorofa ya mjini yamekuwa mengi, inabidi uhangaike kidogo kutafuta upenyo. Wakati ule kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi, hadi tarehe 1 Julai 1970 kila nchi ikachukua chake. Ndiyo maana utakuta wakubwa wa nchi za jirani wamepita hapo, Museveni alimaliza 1970, John Garang naye alikuwepo, na Walter Rodney kutoka Guyana alikuwa anafundisha historia mpaka 1974.

Ukifika Nkrumah na hiyo Square, mkalishe mzee chini ya mti umuulize habari za Oktoba 1966. Wanafunzi waliandamana kwa miguu mpaka Ikulu kupinga kulazimishwa JKT, Mwalimu akawasikiliza, akakasirika, akafukuza karibu mia nne warudi makwao, na palepale akatangaza anapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Mwalimu wa shule ya msingi aliyeishi wakati ule hawezi kukosa neno hapo.

Jambo moja tu nasisitiza, msizunguke ndani ya gari. Watu wengi siku hizi wanaingia na gari, wanapita Utawala, wanapiga picha dirishani, wanatokea upande wa pili wanasema tumeona Mlimani. Majengo yale yalipangwa mbalimbali, kati ya jengo na jengo kuna bonde, kuna miti, kuna vijia vya miguu, na sisi elimu nyingine tuliipata kwenye vijia hivyo, unatoka kwenye kipindi unabishana na mwenzako kuhusu ujamaa mpaka unafika bwenini na ubishi haujaisha, kesho mnaendelea mlipoishia. Kama goti la mzee halitaki mwendo mrefu basi afupishe njia lakini atembee. Mchukulie fimbo.

Na huyo mwenzake aliyekuwa anamwandikia barua, muulize jina na mwaka aliomaliza, usiliandike hapa, nitumie inboksi. Sisi wa miaka ile tulikuwa wachache, tunajuana.

Mjukuu wa Kasulu

@Mstaafu wa Hall Two shikamoo mzee wangu. Nimemsomea baba mkubwa ulichoandika, kacheka mpaka kakohoa. 1966 alikuwa chuo cha ualimu, anasema ile ya mshahara walisikia redioni na mkuu wa chuo chao akawakusanya asubuhi kuwaonya wasije wakaiga. Jina nimekutumia inboksi.

Binti wa Zuolojia

Haya mimi ndio yule wa tumbili aliyetajwa hapo juu.

Kaka, wale wa Mlimani ni tumbili, uso mweusi umezungukwa na manyoya meupe, mwili kijivu, mkia mrefu. Dume ukilitazama nyuma lina sehemu zake za rangi ya bluu iliyokolea kabisa, nakuambia mapema maana una watoto na watauliza kwa sauti mbele ya watu. Hawana shida kabisa na mtu anayepita zake. Shida yao ni chakula. Wamezaliwa pale, bibi zao wamezaliwa pale, wanajua begi la mgongoni linafunguka wapi, nimemuona mmoja kwa macho yangu pale kwenye meza za nje anavuta zipu ya begi la mwanafunzi taratibu kabisa huku anamuangalia mwenye begi usoni, akatoa andazi, akafunga safari juu ya mti, ganda la karatasi akaliachia lidondoke. Kwahiyo msile mkiwa mnatembea, watoto wasishike biskuti wala ndizi mkononi, mkikaa kula kaeni ndani au karibu na watu na begi liwe katikati ya miguu. Akikusogelea usimtolee meno ukidhani unamchekea, kwake kutoa meno ni ugomvi, usimkodolee macho, wewe geuka ondoka polepole. Na tafadhali sana msiwape chochote. Sio uchoyo. Akizoea kupewa siku akikutana na mtoto asiyempa anamrarua, alafu mwisho wa siku anayepigwa mawe ni yeye.

Waambie watoto wasikilize sauti zao. Kuna utafiti maarufu ulifanyika Amboseli hapo Kenya, matokeo yake yalitoka 1980, wakagundua tumbili wana mlio wa chui, mlio wa tai na mlio wa nyoka, kila mmoja tofauti. Watafiti walirekodi ile milio wakawapigia kwenye spika bila kuwepo mnyama yeyote, ukipigwa wa chui wote wanakimbilia juu ya mti, ukipigwa wa tai wanaangalia juu na kujificha vichakani, ukipigwa wa nyoka wanasimama kwa miguu miwili wanakagua nyasi. Pale Mlimani chui hayupo ila mbwa wapo na nyoka wapo, ukisikia kundi limeanza kupiga kelele lote kwa pamoja simama, angalia wanaangalia wapi. Hiyo ni burudani kuliko hata kuwapiga picha.

Sasa kuhusu msitu, tuseme ukweli. Sio msitu kama wa Amani au Uluguru, mtu akikwambia ni msitu wa asili uliofungamana anakuongezea chumvi. Eneo la chuo ni ekari 1,625, kubwa mno, na majengo yamechukua sehemu tu, kilichobaki ni mchanganyiko, kuna miti iliyopandwa kandokando ya barabara kama mijohoro, miarobaini, miembe, mikrismasi ambayo ikifika Novemba Desemba inawaka nyekundu mpaka unasimama, na kuna mabonde yenye vichaka na miti ya kujiotea yenyewe ambayo haijaguswa kwa sababu ya mteremko. Kinachofanya watu waone msitu ni kwamba pande zote kuzunguka pale mji umeshakula kila kitu, toka Ubungo mpaka Mwenge hebu niambie mti mkubwa umeuona wapi. Ndege na tumbili wote wa eneo lile wamebaki na hapo tu.

Kuingia kwenye mabonde sishauri, hasa na mzee na watoto. Nyoka wapo, hawakutafuti lakini ukimkanyaga ni shauri yako. Kaeni kwenye barabara na vijia vinavyotumika, vaeni viatu vya kufunika, na kama mvua imenyesha jana yake basi vile vijia vya udongo vinateleza vibaya, tumieni lami.

Pia mzee katoka kutibiwa macho, mvalishe miwani. Kivuli kipo lakini upepo wa kilimani unarusha vumbi.

Luguru Original

Nimesoma comenti zote mpaka mwisho, mnamsifia Mlimani kama vile Tanzania hakuna chuo kingine chenye miti hahaa. Mkuu kama unataka chuo kwenye mandhari ya ukweli mpeleke mzee Morogoro, SUA. Pandeni treni ya umeme asubuhi pale stesheni, haifiki hata masaa mawili mpo Moro, nauli ilipoanza 2024 ilikuwa elfu kumi na tatu kwa daraja la kawaida, mzee mwenyewe atafurahia treni kuliko hata chuo. Pale chuoni milima ya Uluguru imesimama mbele yako kabisa, asubuhi mawingu yamekaa katikati ya mlima, juu unaona kilele chini unaona msitu. Kampasi imetulia, miti mikubwa, mashamba, ng'ombe, baridi fulani hivi, sio hilo joto lenu.

Na historia ipo. Kile chuo kilizaliwa 1 Julai 1984, kabla ya hapo kilikuwa kitivo cha kilimo cha hao hao Mlimani, kikapewa jina la Sokoine ambaye alikuwa amefariki Aprili mwaka huo huo kwa ajali ya gari hapo hapo mkoani kwetu, Dakawa. Alafu watoto wapelekwe wakaone wale panya buku wa APOPO wanaofundishwa kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu, hapo hapo SUA. Kuna mmoja anaitwa Magawa alipelekwa Kambodia akagundua mabomu zaidi ya 100, mwaka 2020 Waingereza wakampa medali ya dhahabu ya ushujaa, panya wa Moro jamani, amefariki 2022. Niambie Mlimani mna panya mwenye medali?

Na muda ukibaki nendeni Mazimbu, kampasi nyingine ya SUA, ile ilikuwa shule ya wapigania uhuru wa Afrika Kusini, ANC walipewa eneo 1977 hivi wakajenga shule wakaipa jina la Solomon Mahlangu, wakaikabidhi kwa serikali yetu 1992. Makaburi yao yapo hapo hapo yanatunzwa. Mwalimu wa zamani kama huyo akisimama pale hataki kuondoka.

Kichwa Ngumu

Panya wenye medali naenda kuwaona hata mimi. Umenipata.

Yombo Four

@Luguru Original Moro ni pazuri sibishi, ila soma mada. Mzee ana noti mkononi, ana jengo lake, unamwambia aende akaangalie panya. Afu huo msitu unaousifia upo mlimani kule juu, chuo kipo chini tambarare, mpaka uufikie upande Morningside na goti hilo hilo?

Luguru Original

Kuangalia mlima hakuhitaji goti mkuu.

Yombo Four

Hapo nimekosa jibu, endelea.

Mbongo Kalifonia

Salam kutoka huku kwa Trump. Nimeupenda huu uzi kwa sababu naishi jirani na chuo kinaitwa UC Santa Cruz na kila nikipita pale nakumbuka Mlimani, hebu niwape umbea kidogo. Kilifunguliwa 1965, mwaka mmoja tu baada ya Mlimani kuhamia kilimani, na chenyewe kipo juu ya kilima kinaangalia bahari, ekari kama 2,000. Ila huku msitu ni msitu kweli, miti inaitwa redwood, shina watu watatu hamlikumbatii mkalimaliza, majengo yamejificha katikati ya miti na kutoka kitivo kimoja kwenda kingine unavuka madaraja ya miguu juu ya mabonde, chini huko unaona vilele vya miti midogo. Paa wanakula majani nje ya madarasa wala hawakimbii.

Na miti yenyewe mingi sio ile ya mwanzo. Karne ya 19 pale palikuwa na machimbo ya chokaa, walifyeka ile redwood mikubwa wakachomea chokaa kwenye matanuri, matanuri yapo mpaka leo ukiingia getini unayaona. Iliyopo sasa imechipua kwenye visiki. Kwahiyo dada wa Zuolojia usiudharau sana msitu wetu kisa ni wa kupandwa na kujiotea, na huku wanaouza kadi za posta ndio hivyo hivyo.

Kingine cha kuchekesha, vyuo vya huku timu zao zinaitwa Simba, Dubu, Tai, hawa wao ni koa. Koa kabisa huyu anayetambaa, wa njano, anapatikana kwenye unyevu chini ya ile miti. Uongozi ulikuwa unataka simba wa baharini, wanafunzi wakagoma, 1986 wakapiga kura koa akashinda. Nasema na nyie Mlimani mngechagua tumbili.

Tofauti kubwa ni gari, huku kupaki chuoni lazima ulipie, ukizubaa unaletewa faini kwenye kioo.

Binti wa Zuolojia

@Mbongo Kalifonia sijaudharau nimeuelezea. Na hiyo ya visiki ni kweli, redwood ikikatwa inachipua kwenye kisiki kwa duara, ndio maana utaiona imesimama kwa kuzunguka kama watoto wa chekechea. Mti wa namna hiyo ni nadra kwa jamii yake, misonobari mingi ukiikata imekwisha.

Mjukuu wa Kasulu

Wakuu nashukuru sana, sikutegemea ningepata majibu yote haya. Nimekaa na mzee tumepanga Jumamosi hii, tunatoka nyumbani saa moja asubuhi, bajaji mpaka Utawala, kisha Nkrumah, kisha tunateremka. Kauliza maswali mawili nami nayaleta kwenu. La kwanza anataka kuingia maktaba, anasema yule jamaa yake alimwandikia kuna ukumbi wa vitabu ambao ukiongea kwa sauti unatolewa nje, anataka kuuona ukumbi huo. La pili ni swala ya adhuhuri, mzee hakosi, kuna msikiti karibu? Moro tutaangalia siku nyingine, ingawa habari za treni zimemgusa, amerudia kuuliza nauli.

Yombo Four

Msikiti upo ndani ya chuo na kanisa pia lipo, mtaelekezwa na mwanafunzi yeyote.

Maktaba ziko mbili. Kuna ya zamani ambayo ndio ya kwenye barua za mzee wako, na kuna mpya ya kisasa iliyojengwa na Wachina, ilifunguliwa 2018, ile ni kubwa hatari, inabeba vitabu laki nane, watu wanapiga nayo picha kuliko hata Nkrumah. Kuingia ndani kusoma ni kwa wenye vitambulisho, ila nenda pale mapokezi na mzee mwenyewe aongee. Nakwambia muache aongee yeye. Akisema mimi ni mwalimu mstaafu nimetoka Kasulu naomba nione vitabu dakika tano tu, sioni mtu wa maktaba atakayemkatalia, na hata akikataa atamtafutia mkubwa wake. Ukianza wewe na biashara zako za spea utaambiwa njoo Jumatatu na barua. Ila hakikisheni Jumamosi mnawahi, wikiendi wanafunga mapema kuliko siku za kazi.

Mstaafu wa Hall Two

Maktaba ya zamani waanze nayo, ya Wachina baadaye. Na bajaji ile usiiachie iondoke bila kupata namba ya dereva, kwa sababu mkishamaliza kuteremka mtakuwa mmetokea mbali na mlipoanzia, na mzee akishakula wali maharage hatataka kutembea tena. Inboksi nimekujibu, soma.

Kichwa Ngumu

Jumamosi nipo free, nina bajaji yangu, nakaa Msewe hapo nyuma ya chuo. Nitawachukua popote na kuwasubiri, hela ya mafuta tu. Ila watoto wasije na biskuti kwenye bajaji yangu, nimeshasoma hapo juu.

Mjukuu wa Kasulu

@Kichwa Ngumu kumbe wewe ni mtu mzuri hivyo. Nakucheki inboksi sasa hivi tupange bei, na ukiniletea bei ya mzungu mwalimu yupo hapa anasikia.